Nimeweka Ine, Inasoma Mbili

Feza, mama yangu mudogo,

Nakuita mama juu ulibeba jina ya mama yangu, si juu ya heshima. Heshima leo sina. Wewe umenichosha, mashine imenichosha, na mama yako pale nyumbani anaimba wimbo ya kanisa na sauti ya mutu mwenye anacheka ndani ya tumbo. Bon, basi nimekimbilia hapa shopu, nimefunga mulango nusu ili batu baone niko na kazi, na niko nakuandikia. Kesho asubuhi unapanda bisi ya Mansa kuenda koleji, na tangu jana muchana haunisemeshi. Mutu mwenye hasemeshwi anaandika.

Mambo ya kuamuka mapema, ya kufunga mulango ya chumba, ya bavulana ba Mansa na mafuta yao ya nywele, siandiki. Mama yako ameisha kukuambia yote, na kile alisahau atakipigia kelele kwenye dirisha ya bisi mbele ya abiria bote. Mimi niko na jambo moja tu, na hiyo jambo ni ile mashine, kompyuta yako.

Tuanze na kweli, hata kama imekukwama kwa koo: hapa Kashikishi hakuna mutu mwenye anashika turnavisi, ile bisibisi, kama mimi. Radio yenye imekufa na kuzikwa, naifufua. Taa ya sola yenye batu bametupa, naokota na kuwasha nayo nyumba. Nilifikia gredi naini, najua, unanikumbusha kila mara hesabu ikinishinda. Lakini gredi naini yangu niliisoma mpaka ikaisha. Kuko bengine banamaliza masomo yote na habajui telefoni inafunguliwa upande gani. Sasa, wakati koleji ilisema kila mwanafunzi akuje na kompyuta yenye memwari ya giga ine, na yetu iko na mbili, nani alishituka? Mama yako alishituka. Mimi nilikamata turnavisi.

Ile mashine unaijua kuliko mimi. Niliinunua kwa muzungu mumoja wa kazi ya kambi ya bakimbizi, siku alikuwa anarudi kwao, na wewe ulikuwa bado unang'oka meno ya mbele. Hata siku ile haikuwa tena kijana. Ulijifunza kuandika jina yako juu yake na kidole kimoja, unadonoa kama kuku. Leo mutu akifungua kazi tatu pamoja, inasimama inafikiri, unaweza kuenda kununua chumvi, ugombane na muuzaji, urudi, bado inafikiri. Wewe ulizoea: unafungua moja, unafunga, unafungua ingine. Mimi nilikuwa naona kama ni umasikini. Nikasema mutoto wangu hataenda Mansa na mashine yenye kila kitu inaombea ruhusa.

Na unajua nimekulia wapi. Nimekulia kwa soko ya samaki. Chisense, tusamaki tudogo twa kukausha, inapimwa na meda, ile kopo kubwa ya bati. Meda ikijaa, haijajaa. Mununuzi anasema, "Mayo, mama, ongezeni," muuzaji anamwanga tena mpaka inafanya kilima, samaki zinateleza pembeni, na kisha ile kilima kuna mbasela bado, kiganja ya mwisho ya bure, juu ya urafiki. Katika maisha yangu sijaonaka chombo yenye inasema imeshiba. Mwenye kupima njo anachokaka. Bon, na mashine nilifikiri vile vile. Iko na tundu mbili za memwari, na kila tundu iko na kajiti ka giga moja. Toa twa moja, weka twa mbili. Hii si elimu, hii ni kuuza samaki.

Nikasema kanisani. Nikasema sokoni. Nikasema kwa bamama ba mafritas, tule tumandazi twa pembeni ya njia, na ukisema kitu kwa bamama ba mafritas haina lazima ya kusema tena: Feza anaenda na giga ine. Kisha nikamutuma Djo, rafiki yangu mwenye anavukaka ziwa na mutumbwi ya moteri mpaka Kilwa, ile ya ngambo, na kuendelea Lubumbashi kutafuta bitu bya kuuza. Lazima niseme, aliniuliza vizuri.

"Papa Feza, hiyo mashine inakubali memwari ya namna gani? Kule ziko mingi."

"Leta kubwa."

"Kubwa nitaleta. Lakini mashine yenyewe, inakubali mpaka wapi?"

"Djo, wewe ni mutu wa mutumbwi. Mimi nakuulizaka juu ya mawimbi? Leta kubwa."

Wewe ulikuwa pale unakunja nguo. Ukasema, "Papa, iache tu. Mbili zinanitosha." Nikakujibu unasema vile juu haujaonja ine. Djo akacheka, na mimi nikafikiri anacheka na mimi.

Aliporudi, lazima ukubali nilifungua mashine kama dokteri. Visi zote, zile skrubu, nilizipanga ndani ya kifuniko ya kopo, kila moja na mahali yake. Nikatoa tule tujiti tuzee, nikaweka tupya, tukaingia na sauti tamu, tak, tak. Mama yako alisimama pale na mwiko ya kusonga bukari mukononi. Nikabonyeza, ikawaka. Nikawaangalia bote kama mutu mwenye ametengeneza jua. Kisha wewe ukafungua pale kwenye inaandikaka memwari, ukasoma: mbili.

"Soma tena."

"Mbili, Papa."

"Haijaamuka vizuri. Zima."

Tukazima, tukawasha. Mbili. Nikatoa tule tujiti, nikapangusa meno yake ya dhahabu na gome ya kufuta pensili, nikapuliza, nikabadilisha tundu. Mbili. Nikaweka kamoja peke yake: inasoma moja, wakati juu ya mugongo yake imeandikwa mbili na macho yangu iko mazima. Feza, nilichoka. Ingekatala kuwaka, ningejua kupigana nayo. Ingelia, ingetoa moshi, mimi na moshi tunajuana. Lakini inawaka, inaimba kale kawimbo kake ka asubuhi, inasoma mbili na adabu yote, kama vile hakuna mutu alivuka ziwa juu yake. Nusu ya memwari imekaa ndani ya tumbo yake na inaifanya kama mugeni mwenye hajaalikwa.

Ukaniambia polepole, na ile sauti ya mwalimu yenye umeanza nayo mbele hata ya kufika koleji:

"Papa, tule tujiti hatuna makosa. Ni mashine. Bale baliitengeneza baliipa mwisho yake, giga moja kwa kila tundu. Hata ukiweka kumi, itaona moja."

"Na ile ingine inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Mashine haiioni, basi."

Mama yako akarudia jikoni. Kwenye mulango akageuka kidogo, akasema, "Wewe na ine yako."

Hiyo haukuielewa, nikaona kwa uso. Bon, nikufungulie, juu siku moja atakuhadisia yeye na ataongeza chumvi. Nilikuwa na myaka karibu kama yako. Nilikuwa nimetoka masomo, au masomo ilikuwa imenitoka, na nilikuwa nabeba samaki kutoka Kabuta kuingia bara na kinga, ile baiskeli nyeusi yenye fremu ya chuma mtupu. Kila kijana alikuwa anafunga bifurushi bibili nyuma. Mimi nikasema nitafunga bine. Hakuna mwenye alinituma. Ila kulikuwa musichana mumoja anauza mafritas pembeni ya njia, na mimi nilikuwa na kifua. Akaniangalia nafunga kamba, akasema, "We kijana, hiyo kinga iko nalia." Nikamujibu, "Inalia juu ya furaha, haijabebaka mwanaume bado."

Nilipita mbele yake vizuri sana. Huyo mama yako mwenyewe hawezi kukana. Kwenye mupando ya kwanza, wakati macho yake iliisha kuniacha, uma ya nyuma ikapinda, gurudumu ikalala kama mulevi, na bifurushi byangu bikashuka mulima bila mimi. Mvua haikuchelewa. Nikakaa pale juu ya samaki yangu yenye kuloa, na bale benzangu ba bifurushi bibili bakaanza kupita, mumoja mumoja, bananisalimia na adabu yote ya Babemba: "Mwapoleni mukwai." "Mwapoleni." "Mwapoleni mukwai." Hakuna hata mumoja alicheka. Ningefurahi kama bangecheka.

Mutu mwenye akili angekuambia alijifunza kupunguza muzigo. Mimi nilijifunza kuharibikia mbali na njia. Njo somo nilibeba myaka yote hii, na uone imenifikisha wapi.

Yule musichana alinikuta jioni, akirudi kwao na beseni. Akakaa juu ya kifurushi kingine, akanipa mafritas zenye zilibaki, zilikuwa baridi. Nikamuuliza, ulijua kinga itavunjika? Akasema alijua. Nikamuuliza, sasa juu ya nini haukunizuia? Akasema, "Ulikuwa unasikia?" Nikaona huyu ataniua, ni heri nimuoe.

Na usifikiri sijui mwisho ya kitu ni nini. Siku mama yangu alikuwa anavuka hii ziwa kukimbilia huku, mwenye mutumbwi aliangalia maji iko karibu na ukingo, akasema, "Mama, chagua: mutoto, ao zile sufuria mbili." Mama alikuwa anahadisia kwamba alifikiri kidogo. Mimi nasemaka nilishinda sufuria mbili za aluminiumu, na kifuniko zake. Kwa hiyo usinifundishe mambo ya kushiba kwa chombo. Niko hapa juu mutumbwi ilikuwa na mwisho na mutu mumoja aliheshimu. Lakini ile ilikuwa mutumbwi, na mwenyewe alikuwa anaona maji. Memwari ni kajiti kamekaa kwa giza. Nani anaheshimu kitu yenye haoni?

Sasa tuje kwa etiketi, juu najua njo hiyo inakuuma.

Ilikuwa kazi nzuri, na nitasema hivyo mpaka kufa. Nilichapisha hapa shopu, herufi rangi ya feza, kama jina yako: GIGA 4. Nikakata pembe, nikabandika chini ya kioo, ikakaa kuliko zile za kiwanda. Nilifikiri: mutu wa koleji iko na banafunzi mingi, ataangalia etiketi, atasema pita. Nani ako na wakati ya kufungua tumbo ya kila mashine? Jana tulikuwa tunakula, wewe ukaiona. Kama ungepiga kelele ingekuwa vizuri, kelele najua kuijibu. Uliichuna na kucha, polepole, mpaka gundi yote ikatoka, ukaweka ile kakaratasi pembeni ya sahani yangu.

"Papa, siku bakifungua, mwenye atakuwa amesema uongo ni mimi. Wewe utakuwa Kashikishi."

Nikakuambia, "Na bakikurudisha juu ya giga mbili? Nafasi yako banapatia mwingine siku ile ile. Ukirudi hapa utafanya nini, utauza mafritas kama mama yako?"

Mama yako akaacha kutafuna. Ile neno nilijuta mbele haijamaliza kutoka, lakini wewe haujuaka kungoja. Ukasema, "Basi banirudishe na mbili yangu." Ukaamuka, ukanawa mikono, na kimya mpaka leo.

Kusema kweli yangu, nilikuwa na woga. Nilikuwa nakuona unashuka bisi na ile mashine kwa kifua, soko yote inakuangalia, na bote banajua nani alipigaka kelele ya ine. Nikamuambia mama yako, huyu mutoto alitoa wapi hii kichwa ngumu? Akaniangalia muda murefu sana.

Leo asubuhi ulipoenda kuaga shangazi yako, nikasema mimi ni muzazi, nitaongea na koleji mwenyewe, mukubwa kwa mukubwa. Nikapiga telefoni. Mama mumoja wa biro, ofisi ya koleji, akajibu, Kibemba yake safi. Nikaanza vile tunaanzaka sokoni. Nikamusalimia, nikauliza jamaa, nikauliza mvua, nikamusifu sauti. Kisha nikaingia: mukwai, mutoto wangu anakuja kwenu kesho, mashine yake imekatala kupita giga mbili, nimefanya yote yenye mutu anaweza, na mimi si mutu mudogo katika hii kazi, sasa muongeze kidogo roho, mutupe mbasela. Akacheka. Akauliza jina ya mutoto. Nikasema Feza.

"Feza wa Kashikishi? Ba tata, baba, yule mutoto alitupigia mwanzo ya wiki yenye ilipita. Alisema kompyuta yake inaishia mbili, haiwezi kupanda. Tulimuambia akuje tu, kazi nzito atafanyia kwa mashine za koleji. Hakubaambia?"

Nikasema, "Aliniambia, mukwai. Nilikuwa nahakikisha tu." Uone, uongo ingine, na hii hauwezi kuichuna na kucha.

Wiki yenye ilipita, Feza. Djo hajavuka. Visi hazijafunguliwa. Ulikunja nguo pale ukisema mbili zinanitosha, na nafasi yako ilikuwa imeisha kupona. Kisha ukakaa kwenye kioo ukanisomea "mbili, Papa", "mbili, Papa", na uso ya mutu mwenye anangoja na yeye. Hasira ilikuja mingi, nikashindwa kuchagua ya kuanza nayo. Nilienda nyumbani na sandali moja nimevaa vibaya. Nikamukuta mama yako anatoa mawe kwa mupunga.

"Ulijua kama alipiga telefoni?"

"Nilijua."

"Na muliniacha nimutume mutu ngambo ya ziwa?"

"Mimi nilitaka kukuambia. Mutoto alinikatalia." Akaendelea kutoa mawe. "Alisema, mumuache Papa, anataka niende na kitu yenye mukono yake."

Nikavaa sandali vizuri, nikarudi hapa shopu.

Bon. Ni kweli. Nilitaka kila siku ukiwasha ile mashine Mansa, ifunguke mbio, bale banafunzi bengine bageuke, na wewe useme: ni Papa. Si mengi. Neno moja. Mama yako amekupa kanga, maombi na dawa ya tumbo. Shangazi amekupa kuku wa kukaanga. Mimi nilitaka kukupa mbio. Sasa itafunguka na uvivu wake wa kila siku, na utasema nini pale, sijui, na haiko kazi yangu tena.

Ndani nimerudisha tule tujiti tuzee, juu tuzee na tupya tunasoma sawa, na tuzee tunajuana na mashine. Tupya nitatuuzisha kwa mutu mwenye mashine yake iko na nafasi. Usiniulize kama nitamuambia vile ilitutendekea. Nitamuambia. Unaona, unaniharibia biashara hata mbele haujaondoka.

Na njo hapo kwenye inanikwama, si kwa memwari. Wiki yote nilikuwa nimejipanga juu ya kesho. Nilichagua kofia. Nilitayarisha mizaha ya kusema kwenye mulango ya bisi ili Djo asione macho yangu. Nilikuwa najiambia, kesho mutoto anaondoka, kesho, bado kesho. Kumbe siku ile ulishika telefoni, ukaenda nyuma ya nyumba, ukamuambia mutu mwenye haumujui kwamba yako inaishia mbili, bila kuniuliza, bila kungoja nikutengenezee, njo siku uliondoka. Na hakuna mwenye alikusindikiza. Mimi nilikuwa hapa shopu, nasifu ine.

Kesho ni mizigo tu inaenda. Hiyo niachie, nitabeba.

Papa yako